Namba za kwenye kadi yangu

Muheza, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Habari za Morogoro, na mwenzio hajambo? Sisi huku wazima, mvua zimekatika na machungwa yameanza kujaa sokoni.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Pale uliposema vidonge vya SP, vile vya kumkinga mjamzito na malaria, vinakutia kichefuchefu, na kwamba nesi alipogeuka ulivitia mkobani ukaondoka navyo, nilivuta kigoda nikakaa. Sikukasirika. Ni kwamba nami nilifanya hivyohivyo nikiwa na mimba yako, na sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako.

Ilikuwa mwaka 2004. Siku zile SP ilikuwa na jina baya mitaani. Watu walisema inababua ngozi, na mjamzito akiinywa mtoto anaungua tumboni. Kliniki walinipa vidonge vitatu na kikombe cha maji. Nikavibana chini ya ulimi, nikameza maji matupu. Nilipofika nyuma ya jengo, penye mwembe, nikavitema. Uchungu wake ulinikaa mdomoni mpaka nyumbani. Safari iliyofuata nikaambiwa dawa imeisha, nami nikashukuru kimoyomoyo.

Kilichonidanganya ni kwamba sikuugua. Sikupata homa wala kutetemeka. Walinitoboa kidole mara moja, wakasema hamna malaria. Nililima, nilichota maji, nilikula nikashiba. Lakini ile kadi yangu ya kliniki, kadi namba 4 ya wajawazito, bado ninayo, na jana usiku nimeitoa sandukuni. Mei: umri wa mimba wiki 28, kimo cha mimba, yaani tumbo lilivyopanda, 27. Juni: umri wa mimba wiki 34, kimo cha mimba 29. Wiki 6 zimepita, tumbo limepanda namba 2 tu! Zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, zinasomeka vizuri kabisa, na hakuna aliyeziuliza. Mimi sikujua hata kwamba ni za kuulizwa.

Ukazaliwa Julai, miezi yako imetimia, kilo 1.9. Hukuwa njiti. Kucha zako zilikuwa zimekomaa na sauti yako ilifika mpaka uani. Ila ngozi ya mapaja ilikuwa imejikunja kama nguo ya mtu mwingine, na kichwa kilionekana kikubwa kwa sababu mwili uliokibeba haukuwa na nyama. Bibi yako akasema nilijinyima kula. Majirani wakasema ni jicho. Mimi nikanyamaza, maana nilikuwa nikiufikiria ule mwembe.

Miaka ile hapa Muheza palikuwa na watafiti wa malaria ya wajawazito, wakiomba damu ya kondo la nyuma kila mama akijifungua. Nilikubali. Siku chache baadaye dada mmoja wao akaja kitandani kwangu, akanieleza taratibu, nami nimeyashika maneno yake mpaka leo. Damu ya kidole changu ilikuwa safi, lakini kondo lilikuwa limejaa vimelea.

Iko hivi, mwanangu. Sisi tuliokulia penye malaria miili yetu inaijua, ndiyo maana mtu mzima anaweza kutembea nayo asijisikie kitu. Lakini mwanamke akibeba mimba ya kwanza, kondo ni mahali pageni. Vimelea hupata humo kitu cha kung'ang'ania ambacho hakikuwapo awali, na mwili haujajifunza kuwabandua. Waliogundua jambo hili ni Michal Fried na Patrick Duffy, mwaka 1996, kwa kazi waliyoifanya Kisumu, Kenya. Chembe za damu zenye vimelea hunasa kwenye kondo badala ya kuzunguka mwilini, na kwa hiyo kidole hakisemi kitu.

Halafu mwili wa mama unashtuka. Chembe nyeupe zinamiminika kwenye kondo kupigana, na vita hivyo ndivyo wataalamu wanaviita inflamesheni. Umeona kidole kilichochomwa na mwiba kinavyovimba na kuwaka moto? Fikiria hayo yakitokea kwenye mlango pekee anaopitishiwa mtoto chakula na hewa. Kuta zinakuwa nene, njia inabana, vilishi vinavuka kwa shida. Mama anakula anashiba, mtoto anapata makombo. Mwili wake mdogo unachagua kulisha ubongo kwanza, miguu na tumbo vinangoja. Ndiyo maana ulikuwa na kichwa kile na mapaja yale. Hakukuwa na jicho, mwanangu, wala sikujinyima kula.

Bibi yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyekunyanyua. Nesi alituonyesha namna ya kukubeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kutia joto hazikutosha. Tulipokezana, mimi na bibi, kanga imefungwa kwa nguvu, wewe umevaa kofia tu na nepi. Maziwa nilikamua nikakunywesha kwa kikombe cha kahawa, tone kwa tone, mdomo wako ukilamba ukingo kama paka. Siku mizani iliposoma kilo 2.5 bibi alipiga vigelegele mpaka walinzi wakaja.

Sasa hivyo vidonge vya mkobani usivimeze peke yako leo. Virudishe kliniki, umwambie nesi ukweli, wala hutakuwa wa kwanza kumwambia. Kunywa uji kwanza kama tumbo linakusumbua. Siku hizi SP hutolewa kuanzia mwezi wa nne wa mimba, na kati ya dozi na dozi upite mwezi. Shirika la Afya Duniani linataka zisipungue 3. Umuulize pia kuhusu foliki asidi uliyosema umenunua dukani, kwa sababu ile ya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu. Na kama kuna dawa nyingine yoyote unayotumia, hata ile usiyotaka mimi niijue, yeye mwambie, maana kuna zisizopatana na SP. Presha nayo usikubali kuondoka hujapimwa, kwa sababu waliozaliwa wadogo kama wewe huwa karibu nayo zaidi wakikua.

Chandarua lala ndani yake hata kukiwa na joto.

Jumanne ukitoka kliniki, kabla hujapanda daladala, fungua kadi yako unipigie. Unisomee namba mbili, umri wa mimba na kimo cha mimba. Nitakuwa nimekaa na kadi yangu hapa mapajani.

Mama yako