Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani: kibarua changu kiliota nyasi kabla sijapasuliwa

Mheshimiwa Gilbert Houngbo,

Salaam. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyosainia mkataba wangu wa kazi, na ndiyo lugha niliyoambiwa kwayo kwamba mkataba huo umekwisha.

Nilikuwa mtunza stoo kwa miaka minne. Kazi ya stoo si kalamu na daftari tu kama watu wanavyodhani. Mzigo ukishuka, mtunza stoo naye hushika. Mwaka wa nne nikaanza kuona uvimbe kinenani: asubuhi haupo, jioni upo. Daktari hakuhitaji muda mrefu kuujua, akasema ni ngiri. Akanieleza kwamba si dharura, ila haiponi kwa dawa, na utumbo ukinasa humo ukakosa damu, mtu hukimbizwa usiku usiku na mambo huwa mengine. Tukapanga tarehe ya upasuaji, miezi miwili mbele. Akaniandikia cheti: wiki sita baada ya kupasuliwa bila kunyanyua kitu kizito.

Nikafanya nilichodhani mfanyakazi muungwana hufanya. Siku ile ile nikampelekea msimamizi nakala ya cheti, nikajitolea kumfundisha mtu wa kunishikia kazi nitakapokuwa sipo. Akanipa pole, na naamini ilitoka moyoni. Akasema afya kwanza. Wiki tatu baadaye, nikiwa bado nabeba mizigo huku mkono mmoja umebana kinena, nikaitwa ofisini. Mkataba wangu wa mwaka mmoja ulikuwa unafika mwisho, na safari hii hauongezwi. Ulikuwa umeongezwa mara tatu bila hata kikao. Karatasi ililetwa, nikasaini nikiwa nimesimama. Mara ya nne ndiyo ikawa na kikao. Kijana niliyekuwa nikimfundisha ndiye aliyekaa kwenye kiti changu. Simlaumu, naye alikuwa anatafuta riziki.

Naomba uone kilichofanyika hapo kisheria, maana nimekaa nacho muda mrefu. Sikufukuzwa. Hakuna barua inayosema niliachishwa kazi kwa sababu ya ugonjwa. Kuna tarehe tu, na tarehe ilifika.

Nikiwa nimelala nauguza mshono, nikaanza kusoma, maana muda nilikuwa nao tele. Nikakutana na Mkataba wenu Na. 158, uliopitishwa Geneva mwaka 1982, kuhusu kusitishwa kwa ajira. (Kiswahili hapa kinachekesha: nilichosaini mimi stoo ni mkataba, na kinachosainiwa na mataifa nacho ni mkataba. Wa kwanza ulinitoa, nikaenda kumtafuta wa pili aniokoe.) Ibara yake ya 6 inasema waziwazi kwamba mtu kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha kazi. Nilipoisoma nilikaa kitako.

Kisha nikasoma mstari unaofuata. Nini maana ya "kwa muda", cheti cha daktari kitadaiwa kwa kiasi gani, na mipaka ya kinga hiyo iwe ipi, yote hayo yameachiwa kila nchi iamue. Nikarudi nyuma hadi Ibara ya 2, nikajikuta huko: nchi inaruhusiwa kuwatoa nje ya kinga hiyo wenye mikataba ya muda maalumu, walio kwenye kipindi cha majaribio, na vibarua wa muda mfupi. Ni kweli ibara hiyo hiyo inataka kuwe na ulinzi dhidi ya waajiri wanaotumia mikataba ya muda ili kuikwepa kinga. Lakini mlango ni mpana na bawabu ni mmoja. Zaidi ya hayo, nchi zilizouridhia Mkataba huu hazifiki 40, kati ya wanachama wenu 187. Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Kenya na Tanzania hazimo.

Mtu akiugua, vitu viwili huwa hatarini, nasi tunapozungumza huvichanganya: mshahara na kiti. Sheria nyingi zinahesabu siku za mshahara. Kiti ndicho kinachoachwa wazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Wiki zangu sita ni siku 42. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, yaani 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Ngiri ni ile ile na kisu ni kile kile, ila mmoja anauguza mshono akiwa na siku za kubakiza na mwenzake siku zimemwishia kabla nyuzi hazijakauka.

Marekani wamefanya kinyume. Sheria yao ya likizo ya familia na matibabu ya mwaka 1993 inakulindia kiti kwa wiki 12 lakini haikupi hata senti, tena kama tu umefanya kazi hapo miezi 12 na saa 1,250, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Wa kule wenye viti vilivyolindwa, wengine hawawezi kumudu kukaa nyumbani. Uholanzi wanalinda vyote viwili: mwajiri hulipa angalau asilimia 70 ya mshahara kwa hadi miaka miwili, na kwa miaka hiyo hawezi kukuachisha kwa sababu unaumwa. Nilidhani hapo nimefika peponi. Kumbe hata huko mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake unaisha tu, mgonjwa usiwe mgonjwa.

Kwa hiyo tundu nililotumbukia mimi liko kila mahali. Ndiyo maana nakuandikia wewe, sikumwandikia waziri mmoja.

Na upasuaji wa kupangwa una jambo lake la pekee ambalo ugonjwa wa ghafla hauna. Aliyeanguka kwa malaria leo asubuhi hakuwa na siri ya kutunza jana. Mwenye tarehe ya upasuaji anaijua miezi kabla, na katika miezi hiyo ana uamuzi wa kufanya: aseme au anyamaze. Akisema mapema, anamsaidia mwajiri kujipanga, na wakati huo huo anampa nafasi ya kumwondoa kabla kinga yoyote haijaanza kufanya kazi. Akinyamaza, amejilinda. Sheria kama zilivyo zinamwadhibu mkweli.

Wenzangu waliliona hilo haraka kuliko mimi. Dada mmoja wa idara ya hesabu alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, damu zikimtoka kila mwezi hadi kizunguzungu. Alipoona yaliyonipata, hakupeleka cheti kwa mtu yeyote. Aliomba likizo yake ya mwaka, akasema anakwenda harusini kwa ndugu. Alifunguliwa tumbo. Baada ya wiki tatu alikuwa kwenye dawati lake, akishika tumbo kwa mikono miwili kila akikohoa, na watu wanamuuliza habari za harusi.

Wengine hata likizo ya kujifichia hawana, basi wanaahirisha. Ngiri inayoahirishwa mara nyingi haifanyi lolote kwa muda, mpaka siku inaponasa. Siku hiyo mwajiri hapati taarifa ya miezi miwili wala mtu aliyefundishwa kazi. Anapigiwa simu kwamba mtunza stoo yuko hospitali na funguo ziko mfukoni mwake.

Sisemi haya kana kwamba waajiri wote ni makatili. Nimeshafikiria sana upande wa yule msimamizi. Mwenye duka la watu wanne akikosa mmoja kwa wiki sita amekosa robo ya nguvu zake, na mshahara wa kulipa watu wawili kwenye kiti kimoja hana. Huyo ukimwambia tu "vumilia" hujamsaidia. Kwa hilo mnao Mkataba Na. 130 wa mwaka 1969 kuhusu matibabu na mafao ya ugonjwa, ambao unataka fao lifike asilimia 60 ya kipato na liweze kulipwa hadi wiki 52 kwa ugonjwa mmoja. Pale ambapo mfuko wa hifadhi ya jamii unabeba mshahara wa mgonjwa, mwajiri hubaki na kazi moja: kutafuta mtu wa kushika nafasi kwa muda, naye aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba anashika nafasi ya mtu. Yule kijana wangu angeweza kabisa kupewa mkataba wa wiki sita.

Wala sikuombi jambo geni, maana mmeshalifanya kwa wajawazito. Tangu mwaka wenu wa kwanza, 1919, Mkataba Na. 3 ulimkataza mwajiri kumpa notisi mama aliye kwenye likizo ya uzazi. Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000 ukaenda mbali zaidi. Kinga inaanza kwenye ujauzito wenyewe, haisubiri likizo. Mwajiri akimwachisha, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu haihusiani na uzazi. Na mama akirudi, anarudi kwenye kazi ile ile au inayolingana nayo kwa mshahara ule ule. Najua si kila mwajiri anatii. Lakini mama aliyeonewa ana karatasi ya kushika mkononi, na karatasi hiyo inajua kwamba hatari huanza siku bosi anapopata habari.

Hayo matatu yahamishieni kwa mtu mwenye tarehe ya upasuaji. Kinga ianze siku anapokabidhi cheti, isisubiri siku anapolazwa. Mkataba uliokuwa ukiongezwa kila mwaka ukikatika ghafla baada ya cheti kukabidhiwa, uhesabiwe kuwa ni kuachishwa kazi mpaka mwajiri aonyeshe vingine. Na kiti kimsubiri kwa muda ulioandikwa na daktari, pamoja na wiki za kazi nyepesi pale zinapohitajika, kwa sababu hakuna anayetoka kitandani moja kwa moja kwenda kubeba gunia. Ukomo uwepo, siupingi. Ila uandikwe kwa wiki, na uandikwe na nyinyi, kiwe kiwango cha chini ambacho nchi inaweza kukizidisha na si kukipunguza. Neno "kwa muda" limeachwa bila kipimo tangu 1982.

Najua huna rungu la kumchapa mwajiri, na kwamba Geneva hakuna kinachopita bila serikali, waajiri na wafanyakazi kukaa meza moja. Lakini agenda ya Mkutano wa Kazi wa Kimataifa wa kila Juni hupangwa na Baraza la Uongozi, na ofisi yako ndiyo inayoliandalia makaratasi. Mwaka 2019 mlipitisha Mkataba Na. 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, jambo ambalo kabla ya hapo wengi walisema ni la kumalizwa ndani ya ofisi. Juni 2022 mkaingiza usalama na afya kazini kwenye haki za msingi za kazi. Hatua ya kutoka "kazi isikuumize" hadi "ukiumwa usipoteze kazi" si ndefu kiasi hicho. Wewe ni Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, na umewahi kuwa Waziri Mkuu wa Togo, kwa hiyo mikataba ya miezi na ya mwaka inayoongezwa kwa huruma ya bosi huhitaji kusimuliwa na mtu.

Mimi nimepona. Nilipasuliwa tarehe ile ile iliyopangwa, nikiwa sina kazi, na kwa kweli wiki zangu sita nilizipumzika zote, hakuna aliyekuwa akinisubiri. Sasa nafanya kazi nyingine isiyo na mizigo.

Yule dada wa hesabu alinipigia simu wiki iliyopita. Uvimbe umerudi, daktari anataka kumfungua tena, na likizo ya mwaka huu ameshaimaliza. Alikuwa ananiuliza safari hii aseme anakwenda wapi.

Wako,
Aliyekuwa mtunza stoo