Picha ya asubuhi imeniharibia jina

Shikamoo Shangazi.

Sijalala. Saa nane za usiku nilikuwa naitazama ile picha, na adhana ya alfajiri imenikuta ningali nayo mkononi. Asumini zimekauka, zimekuwa rangi ya chai, zimetupwa juu ya kiti cha bibi harusi, na mtu kaandika kwenye kundi la familia: “Maua ya elfu thelathini na tano haya.”

Ilipigwa asubuhi, Shangazi. Asubuhi! Wewe waijua asumini. Inachumwa mchana ingali imefumba, naifunika kwa kitambaa kilicholowa, naitunga moja moja kwa sindano, na ikifika Isha ndipo inapofunguka ukumbi mzima ukanukia. Ni ua la usiku mmoja. Hakuna asumini inayoamka nyeupe, hata aitunge nani.

Bibi harusi ni mwana wa dada yangu. Kazi ilikuwa ya elfu sitini, nikawafanyia thelathini na tano kwa sharti moja tu: mpiga picha wa kike aingie kabla ya wageni, apige jukwaa na maua, watu wasiwemo. Mila naiheshimu. Siku ya kupamba, bibi harusi anapoonyeshwa wanawake wenziwe, simu zakusanywa mlangoni, na ndivyo itakiwavyo. Lakini wateja wa sasa hawanusi, wanatazama. Mtu akija, neno la kwanza ni “nionyeshe picha,” na mimi miaka kumi na sita natunga, harusi nyingi sina cha kuonyesha.

Siku yenyewe mpiga picha hayupo. Wamemwondoa kupunguza gharama, na biriani ilibaki sufuria nzima! Kazi akapewa wifi ya bibi harusi, apige kwa simu. Taa za ukumbi zilikuwa za zambarau, basi asumini zote zimetoka buluu kama maji ya kufulia, mawaridi mekundu ya Naivasha yamekuwa meusi, na uso wa mtoto ni mwanga mtupu. Kwa hiyo picha ya maua yangu inayoonekana vizuri ni ile moja, ya asubuhi.

Dada asema maua yalikuwa yamelala, elfu kumi na tano zilizobaki hatoi. Pesa sizitaki, ni dada yangu. Ila yule mama wa Kisauni aliyenichumia nitamlipa nini? Hizo pesa nazitaka, ni jasho langu. Mteja wa mwezi ujao ameshaghairi, na kabla ya kughairi alinitumia picha ile ile.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile, saa kumi na mbili kasoro, nilipomaliza kumfunga bibi harusi asumini nywele, alikuwa amekaa dirishani kanipa mgongo. Asumini zimefumba, nyeupe kama mchele, na jua la mwisho limemwangukia shingoni. Nikatoa simu nikapiga. Moja tu. Uso hauonekani. Ni nywele, shingo, na mkono wenye michoro ya piko umeshika ncha ya kikuba cha asumini. Sikumwomba ruhusa. Nilipiga kwa ajili ya maua, Mungu ni shahidi yangu. Ni picha nzuri kuliko zote za harusi ile.

Nikiitia kwenye kundi, kila mtu ataona maua yalikuwa mabichi, na wanaume wataiona shingo ya mwanangu. Nikimpa yeye mwenyewe, ataniuliza nilimpiga lini, na mumewe je? Lakini jana alinipigia analia, “Mama mdogo, sina hata moja ya kuweka.” Nikanyamaza, na ninayo. Nimeshika kitufe cha kufuta mara tatu usiku huu. Nikiifuta, itabaki ile ya asubuhi.

Nilikosea, Shangazi? Maana wao ndio walioanza kuvunja sharti.

Dada amepiga simu mara mbili nikiandika haya, sijapokea. Tafadhali mtaa wangu usiutaje.