Uji wa barafu hauhitaji bomba pana

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wanaojenga vituo vya kupokelea samaki pwani yetu jambo moja: bomba la uji wa barafu lisipimwe kama bomba la maji.

Uji huu ni punje za barafu, nyingi zikiwa chini ya milimita moja, ndani ya maji ya chumvi. Kilo moja yenye barafu asilimia 20 hufyonza takriban kilojuli 67 kwa kuyeyuka kwa barafu peke yake, ilhali kilo ya maji baridi ikipanda nyuzi 5 hufyonza 21. Kupoza kilo 100 za samaki kutoka nyuzi 28 hadi sifuri kunataka barafu kilo 30 hivi, yaani uji kilo 150, mbali na joto la kreti na hewa.

Fundi aliyezoea maji huongeza kipenyo ili pampu isielemewe. Hapo ndipo anapokosea. Barafu ni nyepesi kuliko maji, hivyo mwendo ukipungua hupanda juu ya bomba, hushikamana na kufinya njia hadi izibe. Lita 118 kwa dakika katika bomba la milimita 50 hukimbia mita 1 kwa sekunde. Katika la milimita 100, robo mita tu. Usishuke chini ya nusu mita. Na mwendo ukiwa mdogo, tawi lililotolewa mgongoni mwa bomba huvuta barafu tele, la tumboni likaambulia maji.

Barafu nayo ikipita asilimia 25 au 30, uji unakuwa ugali.

Chumvi inataka uangalifu zaidi. Ikiwa kidogo mno, punje hukua na kufanya mabonge. Ukitumia maji ya bahari yenyewe, huanza kuganda nyuzi -1.9, na barafu ikifika asilimia 20 maji yaliyobaki hukolea chumvi na uji hushuka hadi karibu nyuzi -2.4, baridi inayoweza kugandisha nyama ya samaki. Gramu 25 za chumvi kwa lita, kwa barafu hiyo hiyo ya asilimia 20, hukuweka karibu nyuzi -1.7.

Kikorogeo cha tangi kisizimwe maadamu kuna uji. Ondoa chujio zenye matundu madogo. Kabla ya kusimamisha pampu, pitisha maji ya chumvi yaliyopozwa mpaka barafu yote itoke bombani. Presha ikipanda polepole huku mtiririko ukipungua, uzibaji umeanza: punguza barafu mara moja. Ukiongeza nguvu ya pampu, maji yatapenya na barafu itazidi kushindiliwa.

Fundi majokofu,
Tanga