Mwanangu, Waambie Hesabu Hiyo Ilitoka Wapi

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku Mombasa hatujambo, alhamdulillahi. Barua yako imefika na nimeirudia kuisoma. Unasema mwalimu aliwapigia muziki wa mtunzi Philip Glass, akauliza ule mtindo wa kurudiarudia umetoka wapi. Mmoja akasema New York, mwingine akasema mashine za viwandani. Wewe jibu ulikuwa nalo, ukanyamaza kwa sababu umezoea kuona tabla ya babako, zile ngoma mbili za Kihindi, ni chombo cha harusini tu. Hilo limeniuma, na ndiyo sababu leo nakuandikia kwa urefu.

Katikati ya miaka ya 1960 Glass alikuwa kijana wa Kimarekani anayesoma Paris kwa Nadia Boulanger, mama aliyeogopwa na wanamuziki wa dunia nzima. Akapata kibarua: Ravi Shankar, mpiga sitari wa India, ala ile ya nyuzi, alikuwa akitengeneza muziki wa filamu, na Glass aandike sehemu za wapigaji wa Kifaransa wasiojua muziki wa Kihindi. Kwenye tabla alikaa Ustadhi Alla Rakha. Glass akaandika, Wafaransa wakapiga, Alla Rakha akakataa: uzito umeangukia mahali sipo. Unajua mwenyewe kwamba katika maandishi ya Ulaya ile mistari ya wima hukata mapigo kwa mafungu, na noti inayofuata mstari ndiyo hubeba uzito. Glass akaihamisha mistari. Bado. Akaihamisha tena, na Ustadhi akazidi kumwambia kwamba noti zote ni sawa. Mwishowe akaifuta mistari yote. Hapo ndipo alipoona mbele yake vifungu vya mbili mbili na tatu tatu vikiungana mpaka vinatimiza mzunguko mzima wa mapigo 16, kisha vinaanza upya.

Mzunguko huo unaujua tangu ukiwa mdogo, mama. Dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Pigo la 9 mkono hauchapwi, unapungwa hewani. Kuanzia la 10 ngoma ya kushoto inanyamaza, kwa hiyo dhin inakuwa tin, na la 14 besi inarudi kuwaita watu nyumbani. Anayesikiliza anajua yuko wapi bila kuangalia mkono wa mtu.

Sasa chukua Two Pages, aliyoitunga Glass mwaka 1968. Ni noti tano tu, zinarudiwa, kisha inapunguzwa moja, inaongezwa nyingine, fungu linarefuka na kufupika. Chukua opera yake Einstein on the Beach iliyoonyeshwa Avignon mwaka 1976, ambamo waimbaji wanaimba namba. Wenzako wanaona ni jambo jipya kabisa. Wewe umelelewa nyumba ambayo hesabu huimbwa kabla ngoma haijaguswa. Na Glass hakuficha: amesimulia mwenyewe habari za Alla Rakha, na mwaka 1990 akatoa albamu pamoja na Shankar.

Kuna mwingine ninayetaka umjue zaidi, kwa kuwa ni mwanamke na ni mpiga ngoma. Gita Sarabhai alikuwa msichana wa Kihindi mpiga pakhawaj, ile ngoma ndefu ya nyuso mbili, wakati wanawake wa kazi hiyo walikuwa wa kutafuta. Mwaka 1946 alifika New York kusoma muziki wa Wazungu, kwani alihofia jinsi ulivyokuwa ukiuingilia muziki wa kwao. Akakutana na John Cage, mtunzi wa Kimarekani. Wakakubaliana wasilipane: Cage amfundishe muziki wa Ulaya, yeye amfundishe wa Kihindi. Cage akamuuliza muziki ni wa nini. Akamjibu kama alivyofundishwa na mwalimu wake, kwamba ni wa kuituliza akili ili iwe tayari kupokea yanayotoka kwa Mungu. Cage alilishika jibu hilo maisha yake yote. Katika miaka hiyo hiyo alitunga Sonatas and Interludes, vipande 20 vya piano iliyotiwa skurubu na vipande vya mpira kati ya nyuzi, akitaka kuonyesha zile hali za moyo ambazo Wahindi wanaziita rasa. Jina la Cage limo katika kila kitabu. La Gita, ulitaje wewe.

Olivier Messiaen, mtunzi wa Kifaransa, ni habari nyingine. Yeye hakukaa mbele ya ustadhi yeyote. Alizikuta tala 120, yaani mizunguko ya mapigo, za Sharngadeva, mwanachuoni wa India wa karne ya 13, zimeorodheshwa katika ensaiklopidia ya Kifaransa, akazisoma kama mtu anayesoma dua. Akiwa mfungwa wa vita kambini Görlitz, Januari 1941, walipiga mbele ya wafungwa wenzake ile kazi yake ya ala nne. Katika kipande cha kwanza, piano inarudia urefu wa noti 17 uliotokana na tala tatu za Sharngadeva, huku mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja yakizunguka kwa 29. Piga hesabu: mizunguko hiyo miwili haianzi tena pamoja mpaka zipite noti 493, na kipande kinakwisha kabla. Nakiri inanisumbua kidogo kwamba alichukua kutoka kwenye wino bila mkono wa mtu, lakini nikiisikia siwezi kusema ameiharibu.

Mfaransa Delibes na opera yake Lakmé ya mwaka 1883 usipoteze muda nayo katika jambo hili. Uhindi wake ni marashi ya kujipaka, chini yake ni Paris tupu. Afadhali Holst, mtunzi wa Kiingereza, ambaye alikwenda kusoma Kisanskriti London ili afasiri tenzi za Rig Veda mwenyewe.

Na sisi wa Pwani hatumo nje. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, alizichukua tuni za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili, na hapa Mombasa hakuna aliyejifanya hajui zimetoka wapi. Watu waliitaja filamu yenyewe, kisha wakatuza.

Unasema muhula ujao mtatunga kazi zenu. Usikimbilie kutafuta sauti ya sitari, kwani hiyo ni rahisi na kila mtu atapiga makofi. Anza na mzunguko. Nitakurekodia rupak, mapigo saba, tatu na mbili na mbili, ambayo pigo lake la kwanza ndilo lisilochapwa. Ishike kwa mkono kwanza, kisha ujaribu kuiandika kwa mistari yao, uone itakavyokupa kazi. Mwalimu akikuuliza umeipata wapi, mwambie kwa babako, na babako aliipata kwa fundi wa Kihindi wa mtaa wetu.

Mamako anakusalimu sana na anataka kujua kama koti zito umeshanunua. Rekodi nitakutumia kabla ya Ijumaa.

Ni mimi babako.