Karakana za jua kali zitambuliwe katika mafunzo ya vijana

Kwa Mhariri,

Bursari za NG-CDF (mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge) na za kaunti zimewasaidia wengi wetu hapa Kisumu kulipa karo, nami sina nia ya kuzibeza. Hata hivyo, kijana anayesomea uchomeleaji wa vyuma chuoni hukwama anapotafuta nafasi ya mafunzo kazini, kwa kuwa mara nyingi nafasi hizo hupatikana kwa kujuana. Mwanangu alizunguka na barua ya chuo kwa wiki sita, akaishia kupokelewa na fundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, karibu na soko la Kibuye, ambaye hata hakuifungua barua hiyo. Alimkabidhi miwani ya kuchomelea na kumwambia atazame kwanza.

Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, fedha zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), na anayelipa tozo hiyo anaweza kurejeshewa gharama za mafunzo. Fundi wetu, asiye na orodha ya mishahara, yuko nje ya mpango huo, ingawa huwafunza vijana kila siku, tena kwa vifaa vyake mwenyewe.

Napendekeza vyuo vya ufundi, vyama vya jua kali na serikali ya kaunti vikubaliane kwa maandishi kuwapangia wanafunzi karakana kila muhula, fundi alipwe posho kwa kila mwanafunzi, naye mwalimu afike kukagua kazi yenyewe, si kupiga daftari muhuri tu.

Mzazi,
Kisumu