Shukrani kwa dada wa daladala ya Mbagala

Dada uliyekaa dirishani kwenye daladala ya Mbagala jioni ile ya mvua, ahsante sana. Uliniona nakariri maneno ya Kiingereza kama kasuku, ukaniomba daftari na kalamu. Neno benevolent ukalikata kwa mstari: bene, vizuri, volent, mwenye kutaka. Kumbe Kilatini! Pembeni ukaandika malevolent, ukaniuliza, "Na huyu anataka nini?" Nikajibu mwenyewe: mabaya.

Konda akaita Rangi Tatu, ukashuka na kalamu yangu. Juzi kwenye mtihani nikakutana na benefactor. Sikuwahi kulisoma, ila bene naijua. Nikaandika mtenda wema. Nikapata. Jina lako sikuuliza, dada yangu. Kalamu baki nayo.