Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Wapenzi wa Raga, Kigoma Ujiji

Mzee wetu Mlezi, wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama mlioitika wito, mwakeye!

Hii ni taarifa yangu ya nne tangu mnikabidhi dhamana hii. Mkutano ulipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Sasa hivi ni saa tano kasoro robo, na Katibu amenihesabia watu 31 ukumbini kati ya wanachama 63. Akidi yetu ni theluthi moja, kwa hiyo tunaendelea, lakini wale waliofika saa tatu wakakaa kwenye viti vitupu nawaomba radhi kwa niaba ya wenzao.

Kazi za kawaida mnazifahamu, nitazipita haraka. Kamati ilikaa vikao vitano kati ya sita. Watoto 18 wameendelea na raga ya kugusa kila Jumapili asubuhi. Tulifikisha rambirambi kwa wanachama wawili waliofiwa. Mashindano ya dunia ya raga kwa vijana chini ya miaka 20 yalifanyika Italia kuanzia tarehe 29 Juni hadi 19 Julai, katika viwanja vya Calvisano, Rovigo, Verona na Viadana, na tulionyesha mechi 14 kwenye kibanda umiza pale Mwanga. Italia wakati huo wako nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo hakuna mechi iliyomlazimu mtu kukesha. Siku ya fainali umeme ulikatika, jenereta ikawashwa ndani ya dakika nne. Mafuta ya jenereta ile, shilingi 60,000, yalitoka mfukoni mwangu. Sijayadai na sitayadai, ila napenda yaingie kwenye kumbukumbu.

Sasa nije kwenye uamuzi wangu wa tarehe 2 Agosti, maana najua wengi wenu mmekuja kwa ajili ya huo.

Kwa faida ya wanachama wapya 7: desturi yetu ni kwamba wiki mbili baada ya fainali tunakaa barazani, tunajadili timu za taifa zilivyocheza, tunapiga kura, na nchi inayoshinda mjadala ndiyo rangi ya jezi za watoto kwa mwaka mzima. Mwaka 2024 ilishinda Uingereza, na watoto wakavaa nyeupe. Kwa udongo wa kiwanja chetu, kina mama walifua mpaka vidole vikauma, na hakuna aliyeniita msaliti. Safari hii rangi imekuwa nyeusi, ya New Zealand, na tangu siku hiyo nimesimamishwa sokoni, kituo cha bajaji, hata msibani.

Tulikuwa wapiga kura 26, mimi sikupiga. Duru ya kwanza Afrika Kusini ilipata 11, New Zealand 10, Uingereza 5. Duru ya pili wale watano wa Uingereza wakagawanyika, wawili kwa Afrika Kusini na watatu kwa New Zealand, ikawa 13 kwa 13. Katiba inasema kura zikilingana mwenyekiti anapiga kura ya uamuzi. Nikaipigia New Zealand. Watu tisa wakatoka nje kabla sijamaliza sentensi.

Lawama ya kwanza ni kwamba nimeisaliti Afrika wiki mbili tu baada ya vijana wa Afrika Kusini kuchukua kombe. Ndugu zangu, pale Rovigo Afrika Kusini ilipoifunga New Zealand 23–15, mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi. Waliokaa nyuma yangu wanajua, maana walinivuta shati. Vijana wale wa kocha Kevin Foote walishinda mechi zao zote tano. Waliipiga Australia 73–17, wakaishinda Uingereza 32–22 katika kundi gumu kuliko yote, nusu fainali wakaitandika Argentina 48–24. Sijawahi kusema mahali popote kwamba ubingwa ule haukuwa halali yao.

Lakini hoja iliyokuwa mezani haikuuliza nani bingwa wa 2025. Iliuliza ni taifa gani limefanya vizuri kuliko yote tangu mashindano haya yaanze mwaka 2008. Na hapa ndipo penye lawama ya pili, kwamba nilibadilisha hoja. Sikubadilisha. Kamati ilikaa tarehe 24 Mei, kabla mpira wowote haujapigwa Italia, na muhtasari upo. Tangazo lililobandikwa ukutani lilinakiliwa kutoka la mwaka uliopita na likabaki na maneno “mwaka huu”. Nililisoma likiwa limeshabandikwa, nikasahihisha kwa mdomo siku ya mjadala. Kosa la tangazo nalikubali kama kiongozi. Ila fikirini wenyewe: hoja ya mwaka mmoja ina mjadala gani, wakati jibu limeshaandikwa kwenye ubao wa matokeo wa Rovigo? Tungekuja barazani kunywa chai na kwenda nyumbani.

Tukiitazama hoja ilivyo, mashindano yamefanyika mara 15. Yangekuwa 18 kama korona isingefuta ya 2020, 2021 na 2022. New Zealand imechukua mara sita: mara nne za kwanza mfululizo, 2008 hadi 2011, kisha 2015 na 2017. Uingereza mara nne, Ufaransa mara tatu, Afrika Kusini mara mbili. Na si kuchukua tu. Fainali ya kwanza kabisa kule Wales, New Zealand iliifunga Uingereza 38–3. Mwaka 2010 kule Argentina, Australia ililala 62–17. Mwaka 2017 mjini Tbilisi, Uingereza tena, 64–17. Hizo ni fainali, si mechi za makundi dhidi ya wageni wa mashindano. Mtu anayesema nilipiga kura kwa chuki au kwa mapenzi ya rangi, anionyeshe taifa lingine lenye fainali tatu za namna hiyo.

Upande wa Afrika Kusini nao nautendea haki. Mwaka 2012 pale Newlands, Cape Town, ndio waliokata mnyororo wa New Zealand kwa 22–16, ingawa Wales walishaanza kuulegeza kwa kuwafunga 9–6 kwenye makundi. Mwaka 2014 Handré Pollard na wenzake walipoteza fainali kwa Uingereza ya Maro Itoje kwa pointi moja, 21–20, uwanja wa Eden Park. Pointi moja! Ingegeuka, leo wangekuwa na makombe matatu na pengine kura yangu ingekuwa nyingine. Lakini mjumbe aliyesema wao “hawajawahi kuyumba” hakusema kweli, na nilimwambia palepale. Mwaka 2023 wakiwa wenyeji walitolewa nusu fainali na Ireland. Mwaka 2024, wenyeji tena, nusu fainali hawakuiona. Timu inayocheza nyumbani miaka miwili mfululizo bila kugusa fainali, halafu mwaka wa tatu inatwaa kombe ugenini, imeonyesha moyo mkubwa sana. Ila moyo wa mwaka mmoja siwezi kuupima sawa na rekodi ya miaka 17.

Aliyenitikisa kweli, nasema mbele yenu, ni mwalimu wetu aliyesimama kwa ajili ya Uingereza. Alitukumbusha kwamba katika fainali 15, Uingereza imecheza 10. Imeshinda nne, imepoteza sita: 2008, 2009, 2011, 2015, 2017 na 2018. New Zealand imecheza fainali nane. Akauliza, anayefika mlangoni mara kumi na anayefika mara nane, nani anaijua njia zaidi? Sikulala vizuri usiku ule. Kama Uingereza ingevuka duru ya kwanza, sijui ningefanya nini. Kura tano kwa hoja nzuri namna ile ni aibu yetu sote, na wanaolalamika leo ndio waliokuwa wakimpigia miluzi akae chini. Ufaransa haikupata hata mpendekezaji, wakati imechukua matatu mfululizo, 2018 kwa 33–25 mbele ya Uingereza, 2019 kwa 24–23 mbele ya Australia, na 2023 kwa 50–14 mbele ya Ireland. Mjadala wetu umekuwa wa kambi mbili kama Simba na Yanga, na raga haikustahili hivyo.

Niliambiwa pia kwamba “sisi ni Waafrika kwanza”. Sawa. Mwaka 2023 mashindano ya ngazi ya pili, Kombe la Trophy, yalichezwa Nairobi, hapa jirani. Kenya ilicheza, vijana wanaoitwa Chipu, jina lililokatwa kutoka chipukizi. Hispania ilitwaa kombe kwa kuifunga Uruguay, ikapanda daraja, na mwaka huu tumeiona kule Italia ikicheza na wakubwa. Nilitangaza safari. Niliandika majina, nikauliza nauli za basi, nikaomba ruhusa kazini. Wanachama waliotoa nauli walikuwa wanne. Safari ikafa. Baadhi ya sauti zilizopaa tarehe 2 Agosti kuhusu Uafrika sikuzisikia mwaka ule.

La mwisho ni jezi zenyewe. Mzazi mmoja alisema mwanawe hatavaa nyeusi kama aliye kwenye msiba. Nilimfuata nyumbani, nikakaa naye, tukaelewana, na mtoto anacheza. Wengine walisema nyeusi inavuta joto. Mazoezi yetu ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, jua la Kigoma saa hizo bado lina huruma. Kuna maneno kwamba kitambaa kilinunuliwa dukani kwa shemeji yangu. Ni kweli kilinunuliwa pale. Mweka Hazina aliulizia maduka matatu, la shemeji lilikuwa na bei ya chini, na risiti iko kwenye faili. Yeyote anaweza kuiona leo kabla ya kuondoka.

Katika jambo hili lote, kilichoniumiza zaidi ya maneno ni idadi. Uamuzi mnaoulalamikia ulifanywa na watu 26 katika chama cha watu 63. Watu 36 hawakuja kabisa, na nimepitia orodha: katika walioandika barua ya malalamiko, 12 hawakuwepo barazani siku ile. Kura moja yao ingetosha mimi nisipige yangu.

Fedha. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa hiyo tulitarajia 1,512,000. Tumekusanya 584,000. Deni ni 928,000. Viingilio vya kibandani vilileta 147,000, jumla ya mapato ikawa 731,000. Matumizi: kukodi kibanda na projekta 240,000, king'amuzi na bando 186,000, jezi 18 za watoto 270,000, jumla 696,000. Salio ni 35,000, na linatunzwa na Mweka Hazina. Hesabu ndizo hizo.

Juu ya deni lazima niseme zaidi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kamati kwa pendekezo langu iliwasamehe wanachama wavuvi miezi mitatu, maana mtu asiyeshusha dagaa Kibirizi hana cha kutoa. Nilifarijika kuona wengi wao walilipa vizuri ziwa lilipofunguliwa, mmoja akaleta ada ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, noti zinanuka samaki, na nilizipokea kwa mikono miwili. Orodha ya wadaiwa ya mwaka huu haina wavuvi wengi. Ina watu wa mishahara, wenye maduka, na wawili waliowahi kuwa viongozi wa chama hiki. Sitasoma majina kwa sababu ya heshima, lakini Mweka Hazina ana daftari pale mlangoni na kila mtu anaweza kutazama mstari wake.

Kuhusu mwaka unaokuja, mashindano ya 2026 yanakwenda Georgia na yatapanuka kufikia timu 16. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo mechi zitatufikia mapema kidogo kuliko za Italia. Tunatarajia kutafuta ukumbi mkubwa zaidi, pengine na mashine ya umeme ya kwetu wenyewe, Mungu akijalia. Watoto tungependa wapate mechi ya kirafiki na wenzao wa Kasulu au hata Tabora, mazungumzo yakianza. Mipira mitatu imechakaa na itahitaji kubadilishwa. Tangazo la mjadala wa mwaka kesho nitaliandika mwenyewe kwa mkono wangu, na nitalibandika mwenyewe.

Namshukuru Katibu, namshukuru Mweka Hazina, nawashukuru kina mama wanaofua jezi. Pendekezo la kuondoa kura ya uamuzi ya mwenyekiti kwenye katiba lipo kwenye ajenda namba saba. Sitaongoza kikao wakati wa ajenda hiyo, nitamwachia kiti Makamu, nami nitakaa pale mbele na kujibu kila swali nitakaloulizwa.

Naomba kuwasilisha.